Kocha Lahtela na Wasichana wa Bandarini

Katika miaka minne niliyochezea hoki ya barafuni Chuo cha Portage Rock, niliingia uwanjani dakika nne tu. Nilikuwa golikipa wa tatu, na kazi ya golikipa wa tatu ni kufungua mlango wa benchi, kugawa maji na kuomba wenzake wawili wasiumie. Jina langu ni Wendell Pascoe. Nilipohitimu mwaka 1975, Kocha Reino Lahtela aliniita akanipa kazi ya kutunza vifaa vya timu, nami nikakaa hapo miaka thelathini na moja nikinoa viatu vya barafu na kuanika soksi. Kwa hiyo simsimulii kama nyota wake. Namsimulia kama mtu aliyekaa nyuma yake akamwona kisogo na masikio. Masikio ya Kocha hayakujua kuficha kitu. Yakiwa mekundu, ujue mambo yanakwenda vibaya.

Alizaliwa katika nyumba za kampuni ya shaba, mtaa wa Wafini, baba yake akiwa mchimbaji na mama yake mfua nguo. Alijifunza kuteleza kwenye bwawa la kinu cha kusagia mawe, na kinga zake za kwanza za miguu mama yake alimshonea kwa magunia yaliyojazwa sufu ya kondoo. Alisoma hesabu, akaoa binti wa mwoka mikate aliyeitwa Elma, na mwaka 1964 chuo chetu kikamwajiri afundishe hesabu asubuhi na hoki jioni. Uwanja wenyewe ulikuwa wa mbao, hauna paa. Theluji ikianguka katikati ya mchezo, timu zote mbili ziliweka magongo chini zikachukua makoleo.

Kocha hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika alinong'ona. Ukimsikia anakuja kukunong'oneza, umekwisha. Na kila mchezaji aliyesajiliwa, kitu cha kwanza alichomuuliza ni jina la mama yake, na tangu siku hiyo mara nyingi alimwita kwa jina hilo.

"Mwana wa Hilda," alikuwa akisema, "hilo gongo au mwavuli? Lishushe chini, mvua hainyeshi."

Au kwangu mimi: "Mwana wa Gladys, maji haya ya moto umewaletea wachezaji au unataka kupika chai?"

Tulimcheka kwa siri na tulimwogopa waziwazi. Mwaka 1974 tulichukua ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo, na mwaka 1981 vijana waliotufuata wakauchukua tena. Mara zote mbili gari la zimamoto lilitupokea mpakani mwa wilaya likatuongoza hadi mjini king'ora kikilia, na bibi wa duka la dawa akalia hadi miwani ikamdondoka. Baada ya ubingwa wa pili tulijengewa uwanja mpya wenye paa na viti elfu mbili na mia sita. Siku za Ijumaa vilijaa vyote. Mwaka 1990 Kocha alifanywa pia mkurugenzi wa michezo wa chuo kizima, akapewa ofisi yenye dirisha linalotazama barafu. Nadhani hapo angeweza kustaafu kwa raha zake, na mji ungemkumbuka vizuri tu.

Lakini Februari 1992 aliingia Marlys Juntunen.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa mwendesha greda la theluji, mrefu, na hakujua kuzungusha maneno. Alikuja ofisini na wenzake wanne. Mimi nilikuwa chumba cha pili na mashine yangu ya kunolea, mlango wazi.

"Kocha," alisema, "tunaomba saa za barafu. Tuko wasichana kumi na wanane."

"Barafu imejaa, binti," Kocha akajibu, akamwonyesha ratiba ukutani. "Tazama mwenyewe. Wavulana wa chuo, watoto wa mji, wale wanaoteleza kwa muziki, wazee wa Jumapili."

"Wazee wa Jumapili wana saa mbili. Mmoja wao hata viatu vya barafu havai, anakuja kunywa kahawa."

"Huyo ni shemeji yangu."

"Basi shemeji yako ana saa mbili za barafu zaidi kuliko sisi."

Nilizima mashine ili nisikie vizuri. Kocha alikohoa. "Nitaangalia mwakani."

"Mwaka juzi ulimwambia dada yangu hivyohivyo," Marlys akasema. "Ameshahitimu. Sasa hivi anafundisha darasa la tatu."

Wakatoka. Walisema asante, wakafunga mlango taratibu, na nadhani ule upole ndio uliomuudhi Kocha zaidi. Alinikuta nacheka.

"Na wewe unacheka nini?"

"Sicheki, Kocha. Ni vumbi la chuma."

Masikio yalikuwa mekundu.

Jumamosi hiyo, kama kila Jumamosi, nilikwenda kwa Kocha kuoga sauna, yaani bafu lao la mvuke, na kunywa kahawa. Elma alikata mkate wake wa iliki akauweka mezani, akamtazama mumewe.

"Nasikia umewafukuza wasichana wa watu."

"Sikuwafukuza. Sina nafasi."

"Wanacheza kule bandarini kila Jumapili asubuhi, miaka mitatu sasa. Umewahi kwenda kuwaona?"

"Nafasi, Elma. Nimesema sina nafasi."

"Miguu je, unayo?"

Nilijishughulisha na siagi. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kocha mmoja tu, na hakuwa Reino.

Kesho yake alinipitia asubuhi bila kuniambia tunakwenda wapi. Nyuzijoto zilikuwa kumi na nane chini ya sifuri na upepo ulitoka ziwani moja kwa moja. Bandarini, kati ya gati la makaa na boti zilizogandia, wasichana walikuwa wamesafisha kipande cha barafu kwa makoleo. Wawili walikuwa bado wanasukuma theluji wakati wenzao wanacheza, kwa sababu upepo uliirudisha kila baada ya dakika chache. Golikipa wao alikuwa amejifunga miguuni mito ya kochi kwa kamba, na mkononi alivaa glavu kubwa ya mdakaji wa besiboli. Goli lilikuwa la mabomba ya maji na wavu wa kuvulia samaki.

Tukasimama tukitazama. Mwanzoni Kocha alitazama kama mtu anayetimiza ahadi, mikono mifukoni. Kisha Marlys akapata kile kisahani cheusi tunachochezea badala ya mpira, karibu na gati, akawavuta watu wawili upande wake, na bila hata kugeuza kichwa akakipeleka nyuma kwa mwenzake aliyekuwa peke yake kabisa. Kocha akatoa mikono mifukoni.

Tulisimama pale saa moja na nusu. Masharubu yake yalikuwa meupe kwa barafu. Mimi vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena, lakini sikuthubutu kusema. Mwishowe alishuka gatini, akatembea juu ya barafu na viatu vyake vya kanisani hadi kwa yule golikipa, na wachezaji wote wakaganda.

"Mama yako anaitwa nani?"

Msichana alimtazama kama vile ameulizwa na polisi. "Verna."

"Haya, binti wa Verna. Toka mbele kidogo. Usikae ndani ya goli kama kuku anayeatamia. Ukitoka hatua mbili, anayepiga anaona goli dogo. Umeelewa? Tena hiyo mito ni ya nani?"

"Ya bibi yangu. Hajui."

Kocha akageuka ili asionekane anacheka. Mimi nilimwona.

Jumatatu alikaa na ratiba, penseli na kifutio tangu asubuhi. Mchana akaniita nikaibandike ukutani. Niliisoma mara mbili. Wazee wa Jumapili walikuwa wamepunguziwa saa moja, hilo nililitarajia. Lakini saa kumi jioni, saa bora ya siku nzima, saa ya timu ya wanaume tangu uwanja ulipojengwa, sasa iliandikwa "Wasichana". Wanaume walikuwa wamehamishiwa saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Nahodha wa wanaume, Curt Beaudry, alifika kabla sijashuka kwenye ngazi. Alikuwa jitu la mtu, meno mawili ya mbele hana, na moyo wa dhahabu, ila siku hiyo dhahabu ilikuwa imejificha.

"Kocha, kuna makosa kwenye ratiba."

"Hakuna."

"Sisi tumeshinda michezo ishirini na moja mwaka huu! Sisi ndio tunaojaza viti!"

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa kwa nini wao wasije alfajiri?"

Kocha akamsogelea, na mimi nikajua kinachokuja. Akanong'ona: "Wao wameamka alfajiri miaka mitatu kwenda kuzoa theluji bandarini, na hakuna aliyewalazimisha. Wewe, mwana wa Colette, hujawahi kuamka mapema hata kwa ajili ya mtihani wangu."

Curt akaondoka.

Barua zilikuja, nyingine za hasira kweli. Mchezaji wetu mmoja wa zamani, mtu mwenye mali, aliendesha gari saa sita kuja kumwambia Kocha usoni kwamba ameuza timu. Walijifungia ofisini. Sikusikia neno, maana yake Kocha ndiye aliyekuwa akizungumza. Yule bwana alitoka akiwa mpole, akaniuliza choo kiko wapi, akaenda zake.

Tatizo lililobaki lilikuwa kubwa zaidi: timu ya wasichana haikuwa na kocha. Kocha alipiga simu majira yote ya kuchipua. Watu wawili walikataa kwa adabu, wa tatu alicheka. Mwezi Juni akaenda kwa mkuu wa chuo, akarudi akaniambia nibadilishe majina kwenye makabati.

"Timu ya wanaume nampa Duane Tervo," alisema. Tervo alikuwa msaidizi wake wa miaka kumi na miwili. "Wasichana nawachukua mimi."

Nilikaa juu ya ndoo. Inabidi mjue kwamba Kocha alikuwa na ushindi mia nne tisini na nane wa timu ya wanaume, na wa wasichana usingehesabiwa humo. Mji wote ulikuwa unajua. Kinyozi alikuwa ameandika hesabu dirishani. Kamati ya sherehe ya mia tano ilikuwa imeshaundwa na tayari imeshagombana.

"Kocha," nikasema, "mbili tu. Ngoja hadi Novemba. Utazipata kwa wiki mbili, halafu nenda kwa wasichana."

"Wasichana wanaanza Oktoba."

"Watu watakuuliza."

"Watakuuliza wewe, Wendell, wewe ndiye unayekwenda kwa kinyozi. Waambie sina nafasi."

Kitabu cha chuo hadi leo kimeandikwa mia nne tisini na nane. Kuna watu mjini kwetu ambao bado hawajamsamehe.

Mchezo wa kwanza tulifungwa kumi na nne kwa bila. Wa pili kumi na moja kwa bila. Mtu huyu alikuwa hajafungwa mabao kumi tangu kabla sijawa mchezaji wake, na mimi, naapa, nilikuwa na namba ya daktari mfukoni. Kwenye basi la kurudi binti wa Verna, ambaye jina lake halisi ni Roxanne, alikuwa akilia ndani ya kofia. Kocha alitoka kiti cha mbele akaja nyuma, akakaa kwenye njia katikati ya viti, mzee wa miaka hamsini na sita amekunja magoti.

"Marlys," aliuliza, "pale bandarini mlikuwa mnapasiana bila kutazama. Hapa mnatazama. Kwa nini?"

Marlys alifikiri. "Kwa sababu umetuchorea mistari ya kufuata, Kocha. Tunaogopa kuikosea."

"Ile mistari ni ya wanaume. Wanagongana ndipo wapite. Nyinyi sheria zenu haziruhusu kugongana." Akakuna kichwa. "Miaka ishirini na nane nimefundisha kitu kimoja. Haya, nifundisheni mnavyofanya."

Wakamfundisha. Yaani kweli. Msichana wa miaka ishirini alichora juu ya kioo cha basi kilichojaa ukungu, na bingwa wa taifa mara mbili akauliza maswali kama mwanafunzi, "Na huyu hapa anakwenda wapi? Na akifungiwa njia je?" Tulipofika nyumbani kioo chote kilikuwa mishale. Roxanne alikuwa ameacha kulia, anabishana.

Bao la kwanza lilipatikana mchezo wa tano. Sare ya kwanza ilikuja Januari. Hadi mwanzo wa Februari tulikuwa tumepoteza michezo kumi na tatu na hatujashinda hata mmoja, lakini vipigo vya kumi na nne kwa bila vilikuwa vimekuwa vya nne kwa tatu, na Kocha alikuwa anatembea kama mtu aliyepunguziwa miaka kumi. Elma aliniambia anapiga mluzi bafuni.

Tarehe sita Februari 1993 ilikuja timu kutoka upande wa Minnesota, wasichana wenye sare mpya na basi lenye choo. Nilipotoka na ndoo ya visahani nilikuta kundi limekaa nyuma ya benchi letu: timu nzima ya wanaume, na Curt Beaudry katikati, bila meno yake, ameshika kopo la rangi tupu la kupigia kelele.

"Umekuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Nimeamka mapema siku mia moja kwa ajili yao," akasema. "Angalau nione naamkia nini."

Tulikwenda kipindi cha tatu tukiwa mbili kwa mbili. Roxanne alikuwa ametoka hatua mbili mbele ya goli lake na hakukubali kurudi. Alizuia kwa mguu, kwa bega, mara moja kwa paji la kofia, na kila akizuia Curt alilipiga lile kopo hadi likabonyea. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Marlys alichukua kisahani nyuma ya goli letu. Akampita mmoja, akawavuta wawili ukutani, na bila kugeuza kichwa akakirudisha katikati, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha pakawa na mtu. Yule mdogo wetu kuliko wote, binti wa mfugaji, alifika mbio akakigonga, na wavu ukatikisika.

Paa la uwanja lilikuwa limesikia ushindi mwingi wa wanaume na mambo mengine mengi. Sauti ile halikuwa limewahi kuisikia. Filimbi ya mwisho ilipolia, wasichana walimrundikia Roxanne hadi asionekane, na nilipogeuka kumpa Kocha mkono nikamkuta amekaa. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kukaa kwenye benchi wakati taa za uwanja zinawaka. Masikio yalikuwa mekundu mno.

"Kocha, unaumwa?"

"Acha kwanza, Wendell," akasema. "Acha nitazame."

Aliwafundisha miaka minne mingine. Mwaka 1997 walichukua ubingwa wa ligi yetu ya kaskazini, na gari la zimamoto likaenda mpakani mwa wilaya kuwapokea kama ilivyo desturi, ingawa lilikuwa gari jipya na dereva hakujua king'ora kinazimwaje, kikalia hadi adhuhuri. Wiki iliyofuata Kocha alimwachia timu Marlys, ambaye wakati huo alikuwa anafundisha sayansi sekondari na kumsaidia jioni.

Kocha mwenyewe akabaki mkurugenzi hadi 2004, na hiyo kazi ya ofisini watu hawaisifu kwa sababu haina mabao. Mimi naisifu. Aliamuru timu zote zisafiri kwa basi la aina moja na zile chakula cha aina moja njiani. Vyumba vya kuvalia alivibadilisha kila mwaka kwa kura, ili asiwepo wa kusema kile kizuri ni chake. Mchezaji akishindwa masomo, Kocha mwenyewe alikaa naye na hesabu, mkurugenzi mzima, penseli nyuma ya sikio. Katika wasichana kumi na wanane wa bandarini, kumi na saba walihitimu. Wa kumi na nane aliolewa Alaska na anaendesha ndege ndogo, na Kocha anamhesabu pia.

Sasa ana miaka themanini na kitu. Elma alifariki miaka mitatu iliyopita, na macho hayamruhusu kuendesha gari, kwa hiyo Ijumaa nampitia mimi. Chuo kimemwekea kiti cha wageni wa heshima chenye mto. Hakikalii. Anapenda kukaa upande wa wageni, kati ya wazazi waliosafiri, kwa sababu anasema kule ndiko watu wanakotazama mchezo kweli.

Mwezi uliopita timu ya Marlys ilikuwa inacheza, na karibu yetu alikaa baba mmoja mchangamfu, amevaa jezi ya binti yake, ana themosi ya supu mkononi. Akamwona mzee ameinama mbele, macho ameyakaza.

"Mzee wangu," akamwambia kwa huruma, "sheria za huu mchezo unazijua?"

Nikafungua mdomo kumweleza anaongea na nani. Kocha akanikanyaga mguu.

"Najifunza," akasema.

Basi yule baba akamweleza kipindi kizima, pole pole, mstari huu una kazi gani, kwa nini refa amepiga filimbi, golikipa anapaswa kusimama wapi. Alieleza vizuri, sina budi kusema. Kocha alisikiliza, akauliza maswali, akakubali kikombe cha supu. Tulipofunga bao la nne, kwa pasi tatu za haraka, alishindwa kujizuia akasimama anapiga makofi kabla kisahani hakijafika wavuni.

Yule baba, ingawa bao lilikuwa limeingia kwao, akampiga bega kwa furaha. "Umeona, mzee? Umeshaanza kuelewa!"